Mashine ya Kuranda ya Mama Mjane

Jumatatu, 3 Agosti

Leo moyo unaruka! Mjane wa yule seremala mzee anauza mashine ya kuranda ya marehemu. Bei nafuu. Nafuu mno! Rahisi ghali, walisema wahenga, kwa hiyo nikajitia hamnazo, nikapiga miayo mbele yake na kusema nitafikiria. Nifikirie nini? Nina milango ya zahanati ya kuranda kwa mkono kabla mwezi haujaisha, na mgongo umeshagoma. Nikichelewa, kazi anapewa Bingwa, seremala wa ng'ambo ya barabara. Jina hilo kajipa mwenyewe! Naye ameonekana akiizungukazunguka ile mashine.

Jumanne, 4 Agosti

Mke wangu kauliza kwa nini nisiende tu kuijaribu, ikifaa nilipe. Masikini, hajui biashara. Nimebeba ubao mbaya kuliko wote karakanani: umepinda, umejaa vifundo, hata kuku wanaukwepa. Mashine itashindwa, nitatikisa kichwa kwa huzuni, bei itashuka.

Mashine ikanguruma. Ubao ukaingia mbovu, ukatoka laini kama shavu la mtoto. Nikapiga vigelegele. Mimi, mwanamume mzima! Nikaubusu ubao. Mama mjane akanitazama, akasema taratibu kwamba, mwanangu, kumbe bei ile ilikuwa ndogo. Akaipandisha papo hapo.

Jumatano, 5 Agosti

Njia mpya. Nimemnong'oneza kinyozi, siri kubwa, kwamba visu vya mashine ile vimepinda na beringi zimekwisha. Kumpa kinyozi siri ni kuitangaza kwa kipaza sauti, bure. Alasiri muuza mkaa akanisimamisha, akanionya nisithubutu kuinunua. Nikamshukuru kwa uso wa majonzi. Bingwa naye, nasikia, amekata tamaa. Raha iliyoje! Nimekula sahani mbili.

Kesho shemeji, kaka wa mke wangu, ataenda kama mnunuzi mgeni. Kazi yake kuguna tu.

Alhamisi, 6 Agosti

Shemeji kaguna kupita kiasi. Karudi katoa macho, ati nimshukuru Mungu sijanunua, ile ni chuma chakavu. Nikamkumbusha kwamba maneno hayo nilimfundisha mimi. Akasema sawa, lakini mtaa mzima unasema hivyo hivyo, hata muuza mkaa. Hapo nikaingiwa na baridi. Muuza mkaa anidanganye ili apate nini? Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Siinunui ng'o!

Nikamweleza mke wangu. Akauliza nani kasema ni mbovu. Shemeji. Na shemeji kaambiwa na nani? Muuza mkaa. Na muuza mkaa? Kinyozi. Na kinyozi je? Nikakumbuka nimeacha gundi jikoni, nikatoka mbio.

Ijumaa, 7 Agosti

Mashine imepita juu ya mkokoteni! Nikatoka nje nimcheke Bingwa alivyotapeliwa. Bingwa naye alikuwa nje, tayari kunicheka mimi. Mkokoteni ukakata kona, ukasimama mlangoni kwangu. Nyuma yake mke wangu, mwendo wa maringo!

Kumbe asubuhi alikwenda na kipande cha mbao za zahanati na rula yangu ya chuma. Akaranda, akalaza rula juu, hakuona mwanya hata wa unywele. Akalipa kwa akiba yake. Mama mjane, aliyechoshwa na maneno ya mtaa, alimuuzia kwa bei ile ile ya Jumatatu. Kasema ndiye mnunuzi wa kwanza asiyeguna wala kupiga vigelegele.

Tumecheka hadi machozi. Nimeranda mlango wa kwanza huku nikicheza, maranda yamejaa hadi masikioni. Nampenda mwanamke huyu! Mashine ni yake, lakini. Bingwa keshakuja kuikodi, na mimi nalipia kwa kuosha vyombo.

Alhamisi, 20 Agosti

Milango imekwisha, zahanati wameisifu, mgongo umenisamehe. Mke wangu anasema anatumaini nimepata funzo. Nimepata, tena kubwa: kosa lilikuwa la shemeji.

Leo nimeona msumeno wa mashine unauzwa. Umetumika, lakini mzima kabisa, na bei yake tamu. Nikapiga miayo. Kisha nikapitia kwa kinyozi, nikamnong'oneza kwamba msumeno ule unakata upande.

Jioni nikarudi kumuuliza kama amesikia lolote juu ya msumeno ule. Akaangalia huku na huku, akaniambia kwa siri kwamba unakata upande.

Afadhali nimeuliza! Siununui ng'o.