Mke Wangu Hajawahi Kupigwa Faini

Jumatatu, 4 Machi

Nimepigwa faini. Mimi! Miaka thelathini barabarani bila mkwaruzo, ukiacha ule wa geti, na hapo geti ndilo lililokuwa na makosa.

Natoka duka la miwani, nakuta karatasi ya njano imebanwa chini ya waipa. Kuegesha pasiporuhusiwa, dakika arobaini. Askari wa maegesho bado yupo, anaandika gari la pili. Kijana mrefu, kofia kubwa kuliko kichwa. Nikamwambia nilisimama dakika mbili tu. Akasema amezunguka mtaa mara tatu na mara zote tatu gari lilikuwapo, mimi sikuwapo. Kofia, kuanzia leo wewe ni adui yangu.

Lakini si hilo lililoniuma. Ni jina. Gari bado liko kwa jina la mke wangu, na karatasi inasema: mmiliki amekiuka sheria. Yeye! Wiki saba tangu tumzike. Mwanamke aliyekuwa akizunguka soko zima kutafuta nafasi halali, sisi ndani ya gari tunakufa njaa. Hakupigwa faini hata moja maisha yake yote. Aanze sasa?

Nitapinga. Siku kumi na nne, imeandikwa nyuma ya karatasi.

Jumanne, 5 Machi

Ofisi ya maegesho. Foleni mpaka nje. Dirisha la nne, mama mmoja mpole wa sauti, mkono wake na muhuri haviachani. Nimempa jina: Bi. Muhuri.

Akasoma karatasi, akauliza mmiliki yuko wapi. Nikasema hayupo. Atarudi lini? Nikasema yuko safarini, hajaleta habari. Sijui maneno hayo yalinitokaje. Yalitoka tu, na yalipotoka nikajisikia vizuri, kama mtu aliyevua kiatu kinachombana.

Sababu ya pingamizi: nikaandika pancha. Akataka risiti ya fundi. Nikasema nilibadili tairi mwenyewe. Kwa dakika arobaini? Nikashika kiuno, nikasema mgongo. Akasema kwa upole kwamba basi nilete picha ya tairi la akiba likiwa limefungwa.

Gari halina tairi la akiba. Shemeji yangu, kaka wa marehemu, aliliazima mwaka juzi.

Jioni binti yangu alipita na chakula. Nilipomsimulia akaweka kijiko chini. Akasema Baba, si upeleke tu cheti cha kifo? Wataifuta palepale. Cheti kiko kabatini, kwenye bahasha, chini ya mashuka. Sijakifungua. Nikamwambia hiyo ni njia ya wavivu, na mama yake hakuolewa na mvivu.

Hakucheka. Zamani angecheka.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekwenda kwa shemeji kudai tairi. Lina upara kuliko yeye. Alinikalisha nusu saa akinieleza kwamba dada yake alipochumbiwa kulikuwa na mposaji mwenzangu mmoja, karani wa benki, mtu wa maana sana. Wimbo wake wa kila siku. Akaongeza kwamba kwenye faini mtu hashambulii askari, anashambulia kibao cha maegesho. Kibao kisichosomeka ni ushindi wako.

Nikamwambia ni wazo la kipumbavu. Njiani kurudi nikaona si la kipumbavu sana. Nilipofika nyumbani lilikuwa wazo langu.

Ijumaa, 8 Machi

Alfajiri. Ngazi, msasa, petroli, kitambaa. Kazi yangu ni kuchora mabango. Nani ajuaye zaidi yangu jinsi herufi inavyokufa? Mpango: kukififisha kibao chote cha pale nilipopigwa faini, kionekane kimezeeka kwa jua. Nikaanza na USI. Msasa mpya, mkono mwepesi, herufi zikaondoka kama vumbi. Mara nikasikia hatua za watu. Nikashuka, nikakimbia na ngazi.

Kibao kilichokuwa kinasema USIEGESHE HAPA sasa kinasema EGESHE HAPA. Si sarufi kamili, lakini kinaeleweka. Kimeeleweka mno! Saa tatu nilipita kupiga picha: magari saba yamejipanga, na Kofia anayaandika moja baada ya jingine jasho likimtoka. Mama mmoja alikuwa akilia huku ameelekeza kidole juu, kwenye kibao.

Nilipiga picha haraka. Sikumtazama usoni yule mama.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeumbuka.

Nilimpa Bi. Muhuri picha yangu kwa mbwembwe. Akatoa yake. Kumbe Kofia hupiga picha kila gari na kibao chake! Siku ya kosa langu kibao kilikuwa kizima, herufi nene, nyekundu, zimepangwa vizuri. Kazi safi, nilijisemea. Naye Bi. Muhuri akaweka kidole kwenye pembe ya chini, penye maandishi madogo: Kwa mabango bora piga simu. Akaniuliza namba ile ni ya nani.

Akainua simu ya mezani, akapiga. Mfuko wangu ukaanza kulia. Foleni nzima ikaangua kicheko.

Miaka tisa iliyopita ofisi hiyohiyo iliniita nichore vibao vyote vya mtaa ule. Mke wangu ndiye aliyenishikia ngazi. Ndiye aliyeniambia niweke namba. Nilikuwa nimesahau. Mtu unawezaje kusahau siku nzima ya namna ile?

Bi. Muhuri akasema nichague: polisi, au kesho nije na rangi. Zile faini saba nyingine amezifuta yeye. Yangu bado.

Jumanne, 12 Machi

Nimechora USI upya. Kofia alitumwa anisimamie. Nilidhani atanicheka. Akashika ngazi bila kuambiwa, kwa mikono miwili, mguu mmoja kwenye kidato cha chini. Ndivyo inavyoshikwa. Ikanibidi nisimame kidogo na brashi hewani.

Akauliza, bila shari, nilikuwa nafanya nini dukani dakika arobaini zote zile.

Sijui ni kwa sababu nilikuwa nimempa mgongo. Nikamwambia. Duka lilipiga simu kwamba miwani ya mke wangu iko tayari. Alipimwa macho kabla hajaugua. Wao hawakujua lolote. Nikaenda. Fundi akaifuta kwa kitambaa, akaiweka mezani, akasema mwambie mama apite siku yoyote tuikaze masikioni. Nikajibu sawa. Nikakaa kwenye kiti. Wateja wanaitwa, wanaondoka, mimi nimekaa. Nikaivaa. Duka lote likawa ukungu, na nilipoivua ukungu haukuondoka. Singeweza kutoka nje vile, nishike usukani. Nikasubiri nione. Basi ndizo dakika arobaini.

Kofia alikaza mikono kwenye ngazi. Kisha akasema:

"Mzee, ungeniambia siku ile, ningeichana palepale."

"Ulikuwa umeshaandika."

"Nenda kesho kamwambie yule mama. Hivihivi ulivyoniambia mimi. Usiongeze, usipunguze."

Nikamwahidi. Herufi S imetoka nzuri kuliko ya zamani.

Jumatano, 13 Machi

Nilijiandaa. Nilinyoa ndevu. Kwenye foleni nilirudia maneno yote kichwani, tangu simu ya duka hadi ukungu.

Zamu yangu ikafika. Bi. Muhuri akaweka muhuri chini. Kwa mara ya kwanza! Akanitazama, akasema haya mzee, nakusikiliza. Nadhani Kofia alishamdokeza. Nikafungua kinywa.

Nikasema tumbo la kuhara.

Tena nikaeleza kwa kirefu. Nilipomaliza, mtu wa nyuma yangu alikuwa amesogea hatua mbili. Bi. Muhuri akauchukua muhuri wake polepole, akasema pingamizi litaangaliwa.

Ijumaa, 15 Machi

Binti yangu amekuja mchana, saa ya kazi, bado amevaa sare ya hospitali. Akaweka barua mezani. Faini imefutwa. Sababu: mmiliki amefariki. Muhuri mwekundu juu ya jina la mke wangu, na jina limepigwa mstari kwa rula.

Nikapandisha hasira. Nikamuuliza nani amemtuma kufungua kabati langu. Nikasema nilikuwa nakaribia kushinda. Nikasema ofisi ile ndiyo ilikuwa mahali pa mwisho palipobaki wanapomuulizia atarudi lini, na yeye amekwenda kuwaambia. Nilisema hivyo, kwa sauti ya juu.

Akasimama mlangoni na begi lake begani.

"Baba, yule ni mama yangu pia. Unajua nimepanga foleni kwa muda gani? Unajua yule mama aliniuliza nini? Aliniuliza: marehemu ni nani yako? Na nilikuwa peke yangu."

Nilipaswa kuinuka. Alikuwa hatua nne tu kutoka kiti changu. Nikasema chakula cha juzi kilikuwa kitamu. Akatikisa kichwa, akafunga mlango taratibu, kama wanavyofunga wodini.

Nilikaa na barua mpaka jua likahama mezani.

Jumamosi, 16 Machi

Nimempigia binti yangu mara tatu. Ya tatu akapokea. Nikamwomba radhi. Akasema yameisha, Baba. Akasema kesho atakuja, tutafungua kabati pamoja, tutakunja nguo za mama. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama kweli sasa nimekubali. Nikasema nimekubali kabisa, nimejifunza, maji yakimwagika hayazoleki.

Nililala mchana. Usingizi mzuri.

Jumatatu, 18 Machi

Nguo tulikunja jana hadi rafu ya pili. Leo nimemwambia binti yangu nakwenda kununua rangi. Njia ya mwongo ni fupi, lakini foleni ya leo ilikuwa ndefu.

Bi. Muhuri aliponiona akafumba macho. Nikamweleza: nimekuja kukata rufaa. Akasema mzee, umeshinda, nenda nyumbani. Nikasema ndiyo hiyo ninayoipinga. Faini imefutwa kwa sababu mwenye gari amefariki. Maana yake ni nini? Ni kwamba angekuwa hai, angekuwa na kosa! Mimi nataka iandikwe kwamba hakuwa na kosa. Aliyeegesha ni mimi. Nitalipa mimi. Lakini lile jina walisafishe, na ule mstari waufute.

Akanitazama muda mrefu. Macho yake yalilowa, au alikuwa na mafua. Akasema tangu ofisi ifunguliwe hakuna mtu aliyekatia rufaa ushindi wake, na fomu ya jambo hilo haipo.

Fomu haipo! Hicho ndicho kizuizi? Kwa mchora mabango?

Nimerudi na karatasi ngumu, wino mweusi na rula. Nimeshachora mistari ya fomu. Bado muhuri tu, nao si mgumu kuuchonga. Kiazi kikubwa kinatosha. Juu kabisa, penye Jina la Mmiliki, nimeacha nafasi ndefu. Jina lake lina herufi nyingi, na kesho nitaziandika zote.