Kucha Tatu za Nakonde

Jumanne, 3 Juni
Gari linaunguruma tairi la mbele. Nimelisikiliza mwenyewe, nimegundua mwenyewe: beringi! Jumapili binti yetu Lusungu anapata kipaimara, na mama mkwe lazima nimfuate kijijini Ruanda, kule Mbozi. Mke wangu Imelda kasema niite fundi. Fundi wa nini? Jirani yetu, Mwalimu Ambakisye, anatengeneza lake uani na watu wanamsifia. Mimi sina mikono?

Jumatano, 4 Juni
Beringi haitoki. Nimegonga nyundo mpaka kuku wamehama. Ambakisye kachungulia juu ya ua, akasema hiyo inataka kifaa cha kuvutia, chenye kucha tatu, na hata yeye anakitafuta. Nikamjibu changu kiko njiani. Uongo mtupu, ila niliusema vizuri.

Nikampigia Brian, muuza vifaa wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Anacho kimoja tu. Kesho anafungua saa mbili asubuhi, atakayewahi ndiye.

Alhamisi, 5 Juni
Saa mbili kamili niko mlangoni kwa Brian. Kufuli! Nimengoja dakika ishirini, nikamwita tapeli kimoyomoyo, nikarudi.

Mchana Ambakisye kapita na kucha tatu begani. Eti Brian alifungua kwa wakati. Imelda kacheka mpaka kakaa chini: saa mbili ya Zambia, huku kwetu ni saa tatu. Na mimi nina miaka kumi na mmoja Tunduma! Aibu mpaka masikioni.

Ijumaa, 6 Juni
Imelda katangaza: gari lisipopona leo, mama yake ataletwa na Ambakisye. Ukoo mzima wa Mbozi ungejua kabla ya ibada!

Nimekwenda kuazima. Kanipa bila kinyongo. Ila aliuliza, kwa upole kabisa, kile changu kimefika wapi.

Beringi imetoka kwa dakika nne, mpya ikaingia. Nimepiga vigelegele, mwanaume mzima.

Jumapili, 8 Juni
Mama mkwe kakaa mbele kama bibi harusi. Kafika kanisani anawaambia watu gari halina kelele, baba Lusungu ni fundi. Ambakisye alisikia! Sijawahi kufurahi hivi.

Jioni Brian kapiga simu. Kapata kifaa cha kubana springi za shokapu, kimoja tu. Jumanne, saa mbili ya kwao. Ambakisye naye kaambiwa.

Safari hii hanipati. Saa zetu zinapishana kwa saa moja, sasa najua. Natoa moja: nitakuwa mlangoni saa moja kamili ya kwetu.