Mashine Chini ya Kitanda

Jumatatu, 2 Juni 1958

Nimeficha jambo miaka sita. Mashine iliyochapa gazeti letu, *Kuchele*, ambayo Msambweni nzima yaamini ilichukuliwa na polisi, iko chini ya kitanda changu. Nimeifunika kanga ya marehemu mke wangu. Tabibu asema kifua changu hakitafika Maulidi. Sitaki kufia juu yake!

Niliiba kwa wivu. Wanachama wa Chumba cha Kusomea, waliotoa gazeti, walimchagua Boga awe mhariri. Seremala! Mimi, mwalimu mwenye cheti, nikapewa kukunja karatasi. Hali ya hatari ilipotangazwa, nikaibeba. Watu wakasema Boga ametuuza kwa serikali. Akahamia Lunga Lunga. Hajakanyaga hapa tena.

Jumatano, 4 Juni

Nimejikongoja hadi Chumba cha Kusomea. Ole wetu! Ukutani, palipokuwa na madai yetu ya mashamba ya Diani, pana ratiba ya mpira. Meza ya mhariri yachezewa karata.

Katibu ni Mwanarusi, binti wa Boga. Akaniamkia shikamoo. Akasema wakipata mashine watafufua *Kuchele*: harusi, mpira, bei ya korosho. Nikauliza, na mashamba je? Akacheka. "Babu, kwanza wasome, kisha wakasirike." Sikuwahi kuandika sentensi nzuri kama hiyo. Nikachukia.

Kisha akasema baba yake ni mgonjwa, na hatarudi kwao, hata kuzikwa, mpaka jina lake lisafishwe. Nikakohoa makusudi.

Ijumaa, 6 Juni

Hila safi! Kitsao wa mkokoteni apeleke "gunia la nazi" nyuma ya Chumba, watu wakiwa msikitini. Nani angenishuku?

Gurudumu likachomoka mbele ya mkahawa, watu ndio wanatoka kuswali. Gunia likapasuka. Kavumbi, muuza mahamri, akapaza sauti: "Jamani, nazi za Mwalimu zina mpini!"

Wakaja kwangu mbio. Nikafumba macho kungoja matusi. Wakanibeba juu! Eti niliinusuru mashine isitwaliwe na polisi.

Mwanarusi akanibusu mkono, machozi yakimtoka. Akauliza: ikiwa polisi hawakuipata, basi baba yake hakuuza kitu?

Ilitosha kusema ndiyo. Neno moja. Nikasema niliwawahi polisi tu, walikuwa njiani.

Akauachia mkono wangu. Nimefanywa mhariri wa heshima.

Jumapili, 8 Juni

Toleo la kwanza kesho. Mwanarusi ameleta makala, "Baba Yangu Hakumuuza Mtu". Kurasa mbili. Nafasi ni haba, nimeiondoa. Wasifu wangu umechukua kurasa mbili na nusu. Mpira nimeubakiza.

Akasema, "Haya, Babu. Wewe ndiwe mhariri." Heri angelia.

Nitamweleza yote toleo la pili, kifua kikiniruhusu. Ila hapa nirekebishe kitu. Juu nimeandika kwamba watu walisema Boga ametuuza. Hawakusema. Nilianza mimi, pale mkahawani, huku nikinywa kahawa aliyoninunulia Boga.