Hatua ya Kwanza ni Yangu

Jumatatu, 3 Machi 1958
Gathogo ameniudhi tena. Tunamenya mananasi kiwandani, yeye anasimulia jinsi binti yake Idah anavyotembea huko Ruiru, hadi kwa jirani na kurudi. Kinywa changu kikafunguka chenyewe. Nikakisikia kikisema mwanangu Ndung'u alianza zamani, sasa karibu akimbie! Akasema atakuja Thika Jumapili ajionee. Nikasema karibu sana. Ngai, Mungu wangu!

Ndung'u anatambaa tu. Tena akikuta vumbi linaelea kwenye mwanga wa dirisha, huketi kulitazama mpaka jioni. Nami nikiwepo hulitazama naye.

Liwe liwalo, atatembea. Na hatua ya kwanza atanijia mimi. Kutwa niko kazini. Meno yaliota sipo. Aliketi mara ya kwanza sipo. Hii siikosi.

Jumanne, 4 Machi
Mbinu: nanasi. Nimemsimamisha kando ya kitanda, nikakaa mlangoni na kipande kilichoiva. Nikamwita: Baba, njoo. Kifungua mimba huyu amepewa jina la baba yangu, kama desturi yetu, basi namwita Baba, na kumfokea siwezi. Nani humfokea baba yake?

Jua lilikuwa la upole. Nikamwona anakuja, amekuwa mrefu, tunashuka pamoja hadi mto Chania, kivuli chake kimepita changu... Nilipozinduka, kipande hakipo. Alikuja kwa magoti, akala, akalala juu ya mguu wangu. Siafu nao wakafika. Sikusogea, nisimwamshe. Nimevimba.

Alhamisi, 6 Machi
Viatu! Vyekundu, kutoka dukani kwa Himatlal. Mkewe, Savita, alicheka, akasema wanawe wote walijifunza pekupeku. Wivu tu.

Ndung'u akavaa, akaketi, akavua kimoja, akakitafuna kwa raha. Mke wangu Warigia akasema nimwache mtoto, miguu ni yake. Wanawake hawajui mipango.

Jumapili, 9 Machi
Mbinu ya mwisho. Nilimfunga leso kifuani, chini ya sweta, nikajificha nyuma ya pazia nimeshika ncha, nimwinue kidogo kidogo. Hatua ya leso si hatua. Ile ya kweli angenipa jioni, tukiwa wawili.

Gathogo akafika na baiskeli. Kumbe na baba yangu ametoka Kalimoni bila taarifa! Warigia akawaambia niko karibu. Hakudanganya.

Nyuma ya pazia kulikuwa na joto zuri. Sauti zikawa mbali. Nikamwona Ndung'u anatembea juu ya lile vumbi la dirishani, taratibu, mikono mbele, ananijia mimi...

Warigia akapiga vigelegele. Nikavuta leso. Ikaja yenyewe, fundo limefunguka, haina mtu. Nikatoka mbio na pazia kichwani. Baba yangu alikuwa ameketi sakafuni, fimbo kando, hakumwita mtoto wala kumwonyesha kitu. Ndung'u amesimama, ameshika magoti ya mzee.

Nikasihi: Baba, rudia kidogo, mara moja tu. Wakanigeukia wote wawili, uso mmoja. Ndung'u akaketi.

Nililia, siwezi kuficha. Gathogo akanipa leso ileile nijifute. Baba akasema hata yeye hakuiona hatua yangu ya kwanza. Siku hiyo alikuwa barabarani, akiwaambia watu kwamba natembea.

Nimekaa na mzee mlangoni hadi jua limezama. Nimeelewa kila kitu. Kuanzia leo mimi ni mtu mwingine.

Jumatatu, 10 Machi
Kiwandani nilikuwa mtulivu mno. Gathogo akasema Idah ametamka "maziwa". Nikamenya nanasi. Nikamenya jingine. Kisha nikasikia kinywa changu kikisema Ndung'u huimba nyimbo za kanisani, beti zote.

Kwaya yao ya Ruiru inakuja Jumapili.

Ndung'u hajatamka hata neno. Neno la kwanza ataniambia mimi, hilo halina mjadala. Kuhusu kwaya nimeshapata njia: yeye afungue mdomo tu. Mimi nitaimba nyuma ya pazia.