Ubeti Mmoja kwa Kila Mkono

Jumatatu, 16 Novemba 1998

Nimepata! Tangu hoteli inipunguze kazini mwaka jana, mimi Jacktone naitwa mume wa mpiga pasi. Basi! Kuanzia leo ni Mkurugenzi. Nimesoma gazeti alilolisahau mgeni: huko Ulaya mwenye biashara ndogo hukodisha jina lake na utaratibu wake. Wengine wanatoka jasho, yeye amekaa. Amekaa tu! Na hapa Bongwe nani asiyeijua Pasi ya Vero? Shati likipita mikononi mwa mke wangu, mhudumu hulivaa hotelini Diani kutwa nzima na mstari wa pasi haulegei. Ni fundi, nasema bila upendeleo.

Nilimwambia tufungue matawi. Akasema bado anafikiri, nisifanye kitu kwanza. Ana mashati ishirini ya hoteli mpya, yanatakiwa Jumamosi. Yakipendeza, atapewa nguo za wafanyakazi wote msimu mzima. Yakiharibika, tufunge virago turudi bara.

Jumanne, 17 Novemba

Kutwa nimekaa pembeni nikinakili utaratibu. Lo, mwanamke huyu! Hatazami saa. Anaimba wimbo wa kwaya: ubeti mmoja, mkono mmoja wa shati, umenyooka. Wala pasi yenyewe haiangalii! Macho barabarani, anaitikia shikamoo za watoto, anamuuliza mzee Chirau hali ya goti lake, na pasi ya makaa haidondoshi hata jivu. Nilijikuta nimeacha kuandika, namtazama tu.

Kanuni nilizopata ni mbili. Imba, ubeti mmoja kwa kila mkono. Usiitazame pasi, wasalimie wapita njia. Tawi la kwanza ni Kinango, kwa Kombe muuza mbuzi, mtu mwaminifu kupita kiasi.

Jumatano, 18 Novemba

Vero alikwenda mazoezi ya kwaya. Nikachukua mashati sita ya hoteli, nikampelekea Kombe pamoja na pasi ya akiba. Majaribio! Alizisoma kanuni mara tatu. Akasema yeye ni Mwislamu, wimbo wa kanisani hataweza, ataimba kasida. Nikamwambia Mkurugenzi hana ubaguzi.

Alhamisi, 19 Novemba

Salaale! Kombe amekuja na mashati sita, na yote sita yameungua mkono wa kulia, pale penye vifungo. Kumbe kasida yake ubeti mmoja ni mrefu kama foleni ya maji Kinango! Nikamuuliza hakuona moshi? Akasema aliunusa, lakini ubeti ulikuwa haujaisha, na kanuni inamkataza kutazama. Na kila mpita njia alimsalimia yeye, mbuzi wake na jamaa zake wote.

Nilijificha chooni. Vero akanitoa. Alikaa kitako, akayashika mashati moja moja, akipapasa kila palipoungua. Hapo niliumia kweli. Kisha akachukua mkasi, akakata mikono ya shati moja juu ya kiwiko, akapinda, akapiga pasi. Akaenda nalo kwa mama Eunice, msimamizi wa hoteli, akamwambia wazi: limeungulia kwangu, nisamehe, ukitaka nitalilipa. Mama Eunice akaligeuza, akaligeuza. Akasema kwa joto la Diani nani aliwaza mikono mirefu? Mengine kumi na tisa nayo yakatwe.

Jumamosi, 21 Novemba

Mashati yamepokewa na kazi ya msimu mzima ni yake! Kombe alibaki siku mbili kuomba radhi, akiwasha makaa na kupinda mikono. Vero akamfundisha. Amepata kasida yenye beti fupi, na shati lake la leo limenyooka. Atafungua tawi Kinango.

Vero ameshaamua: jina halikodishwi kwa karatasi. Anayelitaka akae naye mezani, apige pasi shati moja mbele yake. Nikamuuliza, hata Mkurugenzi? Akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema hasa Mkurugenzi! Nikifaulu, tawi la Msambweni ni langu. Jamani, nimeoa mtu.

Jumatatu, 23 Novemba

Siku ya mtihani. Nimechagua shati langu la harusi, kwa heshima. Vero ameingia ndani mara moja kutafuta chumvi, amesema niendelee. Naendelea. Mkono wa kulia umenyooka! Wa kushoto umenyooka! Kazi hii haina ugumu wowote. Sasa mgongo. Naimba ubeti wa kwanza, mkono mmoja kwenye pasi, mmoja kwenye kalamu, maana nimepata wazo: Lunga Lunga! Nani anapiga pasi Lunga Lunga? Hakuna! Halafu tuvuke mpaka, Tanga yote! Kanuni nitaandika upya, safari hii kumi na mbili, na karatasi nzuri zaidi, maana kosa lilikuwa karatasi. Mzee Chirau anapita, nimemsalimia, nimeuliza goti. Anainyooshea kidole meza. Hajambo, goti limepona bila shaka. Kanuni ya kwanza...

Harufu gani hii?

Haidhuru. Ni mgongoni tu. Nitavalia koti.