Nafasi Ipo, na Maji ya Moto Yapo

Shemeji aliingia kanisani siku kumi kabla ya Krismasi kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na mlango ulikuwa wazi. Tusimsingizie sababu nyingine. Ndani alimkuta mchungaji juu ya ngazi, anapigilia boksi ukutani.

"Ni zizi la igizo," mchungaji alisema, misumari ikiwa mdomoni. "Kila mwaka tunatumia maboksi, na kila mwaka linawaangukia mamajusi."

Boksi lilikuwa la jokofu, na jina la duka lilisomeka tangu mlangoni. Mtu mwingine angeona boksi. Shemeji aliona watu mia nne waliokaa kimya saa nzima, hawawezi kuondoka, macho yote kwenye jina la duka. Hata redio haina wasikilizaji watiifu namna hiyo.

Jina lake halisi hakuna aliyelijua. Alimwita kila mtu shemeji, na katika miji minne aliyopita kulikuwa na watu waliomtafuta shemeji yao kwa hamu kubwa.

"Shemeji mchungaji," alisema, "niachie mimi hili igizo. Nitakuletea wafadhili. Utapata zizi la mabati."

Mchungaji alikuwa amehubiri dhidi ya biashara ya Krismasi Jumapili tatu mfululizo. Alishuka ngazi taratibu.

"Mabati ya geji gani?" aliuliza.

Benchi la nyuma likawa ofisi. Wa kwanza kuketi alikuwa mwenye gesti, bwana wa tumbo na funguo nyingi, aliyekuja na dukuduku la miaka kumi na miwili.

"Kila Krismasi watu wanaambiwa humu ndani kwamba nyumba ya wageni haina nafasi," alisema. "Mji huu una gesti moja. Wote wanageuka kunitazama mimi."

"Pole sana, shemeji. Basi mwaka huu tuseme ipo."

"Inaruhusiwa?"

"Habari Njema ni habari njema. Nafasi ikiwepo, si inakuwa njema zaidi?"

Mwenye gesti alilitafakari jambo hilo kwa uchaji. "Na maji ya moto yatajwe."

"Maji ya moto yana malipo yake."

Walikubaliana: nusu sasa, nusu baada ya maneno kusikika kanisani. Na mwenye gesti atasimama mlangoni mwenyewe, aseme mwenyewe, kwani hakutaka mwigizaji amharibie biashara.

Kesho yake alikuja Mama Magodoro, mwenye duka la magodoro karibu na soko, amekunja uso.

"Nasikia Mariamu kapata chumba. Wewe juzi ulikuja dukani ukaniuzia hori, mtoto alazwe kwenye godoro langu watu waone. Hori litakuwa chumbani?"

"Godoro ndilo litakuwa chumbani, shemeji."

"Chumba kina la kwake. Yale magodoro yake nayajua, ukilala unahesabu mbao."

"Basi Yusufu ataingia nalo kichwani."

"Wametoka Nazareti na godoro?"

"La inchi nane. Wewe ungeliacha nyumbani?"

Mama Magodoro alikunjua uso, akafungua pochi.

Wakati wote huo ufagio ulikuwa unapita chini ya benchi. Shemeji aliinua miguu, ukapita, akaishusha, akaendelea kusema. Mwenye ufagio alikuwa mfagiaji wa kanisa, mjamzito wa miezi minane na zaidi. Mumewe alitoka kununua vocha mwezi wa nane na bado alikuwa anaichagua. Mwenye nyumba alimtoa, na tangu hapo mama huyo alilala stoo, kati ya viti vibovu na mapazia ya zamani, bila kujua mtoto atamzalia wapi. Waumini walijua. Kamati ilikuwa imelijadili suala lake mara tatu, na mara zote tatu iliahirisha kwa sala.

Shemeji alimwona kwa mara ya kwanza alipoanza kutafuta Mariamu.

"Shemeji, wewe tumbo unalo tayari," alimwambia. "Hatutahitaji mto. Utasimama, utatabasamu, utaingia. Usiseme kitu."

"Sawa, kaka," alijibu mfagiaji, akaendelea na kazi yake.

Sehemu ya Yusufu aliichukua Shemeji mwenyewe. Injili zote hazimpi Yusufu hata neno moja la kusema, kwa hiyo nafasi yake ilipewa mtu asiyejua kunyamaza.

Asubuhi ya Krismasi kanisa lilijaa hadi madirishani. Begi la Shemeji lilikuwa limetangulia kwenye ofisi ya mabasi. Pesa za nusu ya kwanza alizifunga kwenye mfuko ndani ya joho, maana matapeli hawamwamini mtu. Alikusudia kupokea nusu ya pili mlangoni, na kabla ya wimbo wa mwisho awe barabarani.

Alipanda jukwaani na godoro kichwani, bado limo kwenye nailoni yake.

"Mke wangu Mariamu," alipaza sauti, "tumetembea mbali, lakini shingo yangu haiumi, kwa sababu godoro hili ni imara na ni jepesi, na linapatikana karibu na soko. Hodi hapa. Mna nafasi?"

Mwenye gesti alitokea akiwa na suti na tai.

"Nafasi ipo," alisema, polepole, ili asikike nyuma. "Na maji ya moto yapo. Karibuni wote, mwaka mzima."

Mzee mmoja wa kanisa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hapo Mariamu alitakiwa kutabasamu na kuingia.

"Asante sana, baba," alisema mfagiaji. "Ni chumba namba ngapi?"

Mwenye gesti alicheka kwa ajili ya hadhira. "Chochote upendacho, mama."

"Cha chini, ngazi siziwezi tena. Nitakaa mpaka mtoto apate nguvu, kama miezi mitatu. Au hii nafasi ni ya kusema tu?"

Watu mia nne, waliojua stoo iko wapi na nani analala humo, wote waligeuka kumtazama mwenye gesti.

"Ipo," alisema, kama mtu anayeng'olewa jino.

"Bure?" aliuliza bibi mmoja kutoka mabenchi ya mbele.

"Ni Krismasi, bibi," alisema mwenye gesti kwa uchungu, na makofi yakamfunika.

"Na godoro, mama yangu?" Mfagiaji aligeukia upande wa pili.

Mama Magodoro hakuwa mtu wa kushindwa na gesti mbele za watu. "Lichukue, mwanangu. Na shuka mbili nitaleta."

Shemeji alianza kurudi nyuma kuelekea mlango wa pembeni, lakini mtu mwenye godoro la inchi nane kichwani hapiti popote kimyakimya.

"Mume wangu," mfagiaji alimwita, "wafadhili wamekupa pesa za familia yetu. Niliwasikia nikifagia. Nikabidhi mimi, usije ukaibiwa."

Shemeji alilishika joho kwa mkono uliobaki.

"Toa, Yusufu," alisema mchungaji, aliyekuwa amevutiwa sana na igizo.

Akatoa. Mfagiaji aliupitisha mfuko ndani ya kanga, chini ya tumbo, mahali ambapo hakuna muungwana ambaye angethubutu kuufuata. Kwaya ikaimba. Nusu ya pili haikutajwa na yeyote, kwani wafadhili walijiona wameshatoa kupita kiasi. Mchungaji alihubiri kwamba roho ya Krismasi imewagusa wafanyabiashara. Anayetaka kuamini aamini.

Shemeji alipeleka godoro mpaka gesti kwa miguu, waumini wakimfuata kwa nyimbo, kisha akachomoka kwa mlango wa uani na kukimbilia ofisi ya mabasi. Mkata tiketi alikuwa bado na sare ya kwaya.

"Shemeji, nipe kiti kimoja. Nitalipa nikifika."

"Yusufu alipokimbilia Misri alichukua mama na mtoto," alisema yule dada. "Wewe unachukua begi."

"Lile lilikuwa igizo, shemeji."

"Mkeo ameanza uchungu. Wamenipigia simu sasa hivi, wanakutafuta." Alilivuta begi kwa mguu mpaka chini ya meza yake. "Hili linabaki hapa mpaka mtoto azaliwe. Kamwite mkunga."

"Dada, mimi yule mama hata jina lake silijui."

"Utamuuliza."

Shemeji alitoka nje. Barabara ilikuwa imejaa watu wanaotoka kanisani. Alimshika mkono mtu wa kwanza aliyempata, fundi baiskeli, akamuuliza mkunga anakaa wapi.

Fundi alimpa mkono wa pili pia, akautikisa kwa furaha.

"Hongera, baba," alisema. "Twende, nakupeleka."