Ndugu wa Kila Abiria

Kila meli kutoka Amoy, Uchina, ilipotia nanga Penang, Teng Hock alikuwa bado hana ukoo. Ukoo aliuokota gatini, abiria wakishateremka. Mgeni akiwa Lim, naye alikuwa Lim. Akiwa Tan, basi babu yao ni mmoja. Kazi ya ndugu ni kumbebea ndugu yake sanduku, na sanduku likishabebwa na Teng Hock halikuwa na tabia ya kurudi. Mji mzima uliishi kwa bandari. Wenzake waliuza mpira na bati. Yeye aliuza undugu.

Siku hiyo jicho lake lilitua kwa mzee mnene aliyekalia sanduku, akijipepea kwa kofia. Akamuuliza kwa adabu ni wa ukoo gani. Yeap, mzee akajibu.

"Damu nzito kuliko maji, baba mkubwa. Mimi pia ni Yeap."

Sanduku lilikuwa na uzito wa kutia matumaini. Mzee aliliachia, ila akashikilia jambo moja: mgeni hapaswi kulala mji wa watu kabla hajawasalimu mababu. Wakaenda nyumba ya ukoo. Mbele ya vibao vya majina ya wafu na wazee waliokuwa wakinywa chai, Teng Hock akapiga magoti, akagonga paji sakafuni, akaapa kuwa ni Yeap mwana wa Yeap. Hata machozi yalimtoka. Moshi wa ubani ulimsaidia.

Alipoinuka, akamwona Siew Choo mlangoni.

Siew Choo alikuwa mjane mwenye duka la mchele na maghala mawili, na alikuwa mchumba wake. Bangili za posa, dhahabu iliyowahi kulala katika masanduku ya wageni, zilikuwa mkononi mwake. Mshenga alipotaja ukoo wa baba yake bibi harusi, Teng Hock alikuwa akiuliza ukubwa wa maghala.

"Kumbe wewe ni Yeap," Siew Choo alisema polepole. "Na mimi Yeap. Tungeoana ndugu kwa ndugu."

Wazee wakaweka vikombe chini. Kwao, heri mtu avunje kaburi la babu kuliko kuoa wa ukoo wake. Teng Hock akawaza haraka. Akisema si Yeap, amewadanganya wafu, na vijana wa ukoo walikuwa uani wakifanya mazoezi ya fimbo. Akibaki Yeap, mke kwaheri, mchele kwaheri.

Akazisikiliza fimbo zikigongana. Akabaki Yeap.

Kisha, kwa sauti ya mgonjwa anayeomba maji, akaulizia bangili. Mzee mkuu akamkata kauli: anayeficha ukoo wake akiposa hadai kitu.

"Na kwa hesabu ya vizazi," akaongeza, "huyu ni shangazi yako. Mpe chai."

Teng Hock akapiga magoti tena, kikombe mikononi.

"Chai, shangazi."

"Ahsante, mwanangu." Akapokea, akamgeukia yule mzee mnene. "Baba mdogo, miguu haikuumi?"

"Itaachaje kuuma? Wiki nzima nashuka kwenye meli ambazo sikuzipanda."

Teng Hock alisikia vizuri sana. Lakini kijana wa Yeap hainuki kabla mkubwa wake hajamaliza kikombe, na shangazi alikuwa mnywaji wa taratibu mno.